Mwanangu Hakujiitia Maumivu

Mwanangu wa pili ana sikoseli, ugonjwa wa damu ambao vitabuni huitwa selimundu. Nautaja kwa jina mapema kwa sababu kuna miaka jina hilo lilikuwa marufuku nyumbani kwetu. Tuliambiwa kwamba ukilitamka unaliita. Tuliambiwa pia kwamba kuna mtu alikuwa ameshaliita, na kila aliyesema hivyo alikuwa akinitazama mimi.

Fundisho kwamba mtu hujivutia mateso yake kiroho limeenea sana siku hizi, hapa Kisumu na kwingineko. Utalisikia kwenye mikesha, utalisikia redioni alfajiri, na rafiki anayekutakia mema atakutumia kwenye simu. Mimi nimeishi nalo nikiwa na mgonjwa mkononi, na nina la kusema.

Mtoto alikuwa na miezi minane dalili zilipoanza. Aliamka asubuhi viganja na nyayo zimevimba, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na ukimgusa kidole analia mpaka sauti inakauka. Jirani akasema ameumwa na mdudu. Kituo cha afya kikatupa dawa ya malaria. Uvimbe ukaisha, ukarudi, ukaisha tena, na macho yakaanza kuwa ya manjano. Mwishowe tukatumwa hospitali kubwa, wakachukua damu yake, kisha yangu na ya baba yake.

Afisa wa kliniki aliyetupa majibu alikuwa kijana mwenye subira. Aligeuza kadi ya mtoto, akachora mraba nyuma yake, akaugawa vyumba vinne. Juu akaandika A na S, akasema hizo ni zangu. Kando akaandika A na S, za mume wangu. Akaeleza kwamba kila mtu hurithi herufi mbili, moja kwa mama na moja kwa baba: A ni ya damu ya kawaida, S ni ya sikoseli; mwenye S moja huibeba tu, mwenye SS ndiye mgonjwa. Kisha akajaza vyumba: AA kimoja, AS viwili, SS kimoja. Akaweka ncha ya kalamu kwenye SS. "Mama, kijana yuko hapa," akasema. "Na kila mimba inaanza hesabu upya." Nikamwuliza ni kitu gani tulikosea. Akasema hakuna. Alisema hivyo bila kusita, akaendelea kuandika dawa: foliki kila siku, penisilini, kinga ya malaria, maji mengi, asipigwe na baridi.

Jibu hilo la "hakuna" halikukaa nyumbani kwetu hata wiki moja.

Boma letu liko Seme. Mama mkwe wangu aliposikia mtoto ana ugonjwa usiopona, akakumbuka mara moja kwamba mume wangu alijenga kabla ya kaka yake mkubwa, aliyekuwa Mombasa kikazi. Kwa desturi yetu Wajaluo, mdogo hamtangulii mkubwa kujenga. Mwiko wa namna hiyo ukivunjwa, chira, yaani laana ya mwiko, inaweza kumshika hata mtoto, akadhoofika siku baada ya siku. Na mwanangu alikuwa mwembamba, tumbo limejaa kwa sababu bandama ilikuwa imevimba. Kwa mama mkwe, ushahidi ulikuwa umekamilika.

Kanisani maelezo yalikuwa mengine. Mhubiri mgeni aliniita mbele wakati wa maombi, akaniwekea mkono kichwani, akasema kuna mlango niliufungua, labda kabla ya ndoa, na adui akaupitia. Watu wakaitikia amina. Nikaambiwa nifunge, nipande mbegu ya sadaka, nisilitaje tena jina la ugonjwa, na dawa niziweke madhabahuni kama ishara ya imani. Dawa sikuziweka. Nilirudi nazo nyumbani kwenye mkoba, lakini ile amina ya kanisa zima niliibeba pia.

Halafu kuna rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa anafanya kazi Nakuru. Yeye hana habari na chira wala mapepo. Alinitumia ujumbe mrefu wa sauti akinieleza kwamba mawazo ni sumaku, na kwamba mwanamke mjamzito mwenye hofu hupeleka hofu hiyo kwa mtoto na mwili ukaipokea. Alisema kwa upole sana. Alisema ananipenda.

Watu hawa watatu hawangekubaliana juu ya jambo lingine lolote. Mhubiri angemwambia mama mkwe atubu habari za miiko, na rafiki yangu angewaona wote wawili wamepitwa na wakati. Lakini mbele ya kitanda cha mtoto wangu walisimama pamoja, na hukumu yao ilikuwa moja: kinachokupata kimefuata njia uliyokitengenezea.

Asiyewahi kuishi chini ya hukumu hiyo hajui inavyochosha. Nilianza kuogopa kichwa changu. Mimba ya tatu ilipoingia nilijikuta nikipigana na mawazo mchana kutwa, kwa sababu nikifikiri juu ya SS naivuta, na nikijitahidi kutoifikiria ndiyo inazidi kuja. Nilipoteza usingizi. Kwenda kliniki kulionekana ni kukiri kushindwa. Nilikwenda hata hivyo, na mtoto alizaliwa, akapimwa, akakutwa ni AA, hana chembe ya ugonjwa. Dada yake mkubwa ni AS kama sisi wazazi. Watoto watatu, boma moja, mwiko ule ule kama ulivunjwa, mlango ule ule kama ulifunguliwa, mama yule yule mwenye hofu ile ile. Hofu yangu kwa huyu wa tatu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na ndiye mzima kuliko wote. Nilimwandikia rafiki yangu hivyo. Alijibu kwamba labda imani yangu ilikuwa imekua.

Lililoniuma zaidi lilikuja mwanangu alipofikisha miaka tisa. Ilikuwa msimu wa mvua, alilowa njiani akitoka shule, na usiku maumivu yakaanza mapajani yakapanda mgongoni. Ugonjwa huu unauma hivi: chembe nyekundu za damu zikikosa oksijeni hujipinda, zikashikana na kuziba mishipa midogo, na mfupa ulio mbele ya kizibo ukakosa kinachouhuisha. Mtoto hulia kwa namna ambayo ukishaisikia huichanganyi na kilio kingine. Nilikuwa nimempa dawa ya maumivu, nimejaza chupa maji ya moto na kuizungushia leso, naisogeza polepole kutoka nyonga hadi goti. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, ni nini nilifikiria?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Shangazi yake alikuwa amewafundisha watoto kwenye maombi ya jioni kwamba wazo baya huzaa ugonjwa mwilini. Yeye wiki hiyo alikuwa amemkasirikia mwalimu wa hesabu. Alikuwa amemwombea apate uhamisho. Sasa alitaka kujua kama ni hilo, au kama kuna lingine la zamani, la kabla hajaanza kukumbuka. Akaniambia pia kwamba kila usiku kabla ya kulala hujaribu kutofikiria kitu chochote, lakini hawezi.

Mtoto wa miaka tisa, mifupa inawaka moto, anapekua moyo wake kutafuta kosa. Hapo ndipo nilipoacha kuwa na adabu mbele ya fundisho hili.

Nilichukua daftari lake la hesabu lenyewe, nikachora ule mraba chini ya taa. Nikaandika A na S juu, A na S kando. Nikamwacha ajaze vyumba mwenyewe, na akavijaza sawasawa, maana hesabu anaijua. "Hapa ndipo ulipo," nikamwambia. "Ulikuwa hapa kabla hujawa na kichwa cha kufikiria chochote." Akautazama muda. "Na Baba ana S?" Ndiyo. "Na Dana?" Ndivyo anavyomwita bibi yake, mama mkwe wangu. Nikasema huenda Dana, huenda marehemu babu, mmoja wao lazima. Akaniambia nimchoree Dana pia.

Kuna madhara mengine ya fundisho hili ambayo hayana kilio. Kliniki tulikutana na mama mmoja ambaye familia yake ilimkataza kabisa kutaja ugonjwa. Kwa hivyo hata shule haikuambiwa. Binti yake akiomba ruhusa ya kunywa maji au kwenda msalani mara kwa mara, anaonekana mtundu. Asubuhi ya baridi anasimamishwa nje kwenye gwaride na sweta amevua kwa sababu si ya rangi ya shule. Mwalimu hakuwa mkatili, hakujua tu, na hakujua kwa sababu nyumbani walikuwa wanaogopa neno. Mtoto yule alilazwa muhula ule mara nyingi kuliko wangu.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyenisomea habari za Anthony Allison, daktari aliyekulia Gilgil, si mbali na Nakuru. Mwaka 1949 alizunguka Kenya akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Akakuta kwamba karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, watu wenye S moja wanazidi mmoja kati ya kila watano, ilhali kwenye nyanda za juu zenye baridi hawafiki hata mmoja kati ya mia. Akajiuliza kwa nini, na jibu alilolichapisha mwaka 1954 ni mbu. Mtoto mwenye S moja hupona malaria kali inayowaua wenzake. Kwa hiyo mahali penye mbu wengi, wenye S moja walibaki hai na kuzaa kuliko wenzao. Sisi wa kando ya ziwa ni wajukuu wao.

Niliposikia hivyo nililia, na si kwa huzuni. Nilikuwa nimeambiwa kwamba damu ya mwanangu ina alama ya kosa la mtu. Kumbe alama yenyewe iliwekwa na uhai. Babu fulani wa babu zake aliugua malaria akiwa mchanga, akapona, kwa sababu ya herufi hii hii. Maumivu ya mwanangu ni deni la kupona kule, na wala hakuna aliyetia sahihi.

Wanaonipinga hunisomea Ayubu. Wanapenda ule mstari anaosema kwamba jambo aliloliogopa ndilo lililompata. Wanausimamia huo na kusema, mnaona, hofu yake ilimwita Shetani. Lakini kitabu chenyewe kinaeleza tangu sura ya kwanza kwa nini Ayubu aliteseka, na hofu yake haimo. Kinasema alikuwa mkamilifu na mwelekevu. Waliosisitiza kwamba lazima kuna alichofanya ni rafiki zake, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao rafiki. Na Yesu alipoulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alijibu kwamba si huyu wala wazazi wake. Mimi ni Mkristo, nasema haya nikiwa ndani ya kanisa. Inaniumiza kuona swali ambalo Bwana alilikataa likirudishwa madhabahuni kana kwamba ni ufunuo mpya.

Najua kuna kesi ngumu kuliko ya mwanangu. Nilikuwa naishi Nakuru kwa mjomba wangu tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipoanguka Sachangwan, kwenye barabara ya Eldoret, upande wa Molo. Watu walikimbilia na jerikeni, sufuria, ndoo. Moto ukawaka, na waliokufa walizidi mia moja. Wiki ile nzima Nakuru ilinuka msiba. Na haikuchukua muda kabla sijasikia mahubiri: tamaa yao iliwaita, kifo kilikuja kwa sababu mioyo yao ilikuwa imeshakipokea.

Hapa siwezi kusema waliokufa hawakufanya kitu. Walienda. Lakini mwezi ule ule serikali ilikuwa imetangaza njaa kuwa janga la taifa, na sehemu za Molo zilikuwa bado zina watu waliochomewa nyumba baada ya uchaguzi wa 2007. Petroli ya bure ilikuwa ni unga wa wiki nzima. Petroli hutoa mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa, unaotambaa chini ukingoja cheche moja. Ulimuunguza mwenye jerikeni na aliyesimama kando akitazama, bila kupima moyo wa yeyote. Ukiniuliza nini kiliwaua, nitasema umaskini, barabara, mvuke ule na cheche. Kila kimoja kati ya hivyo unaweza kukifanyia kitu. Waweza kufundisha watu juu ya mvuke, kuzungushia lori ulinzi mapema, kulisha wenye njaa. Ukisema ni roho zao ziliita, umewazika na kazi imeisha.

Nimefikiria sana kwa nini fundisho hili linapendwa hata na watu wema. Nadhani ni kwa sababu linamtuliza anayelisema. Mwanamke mwenye watoto wazima akinitazama mimi na wangu, anashikwa na woga. Akijua nilichofanya, atajua cha kutofanya, na atalala. Shemeji yangu, yule shangazi wa maombi ya jioni, si mtu mbaya. Ana watoto wanne na anawapenda. Alitaka tu kuwe na kanuni. Nilipomwambia alichoniuliza mwanangu usiku ule alifunika uso kwa mikono, na hajarudia tena.

Wala sisemi kwamba tunachofanya hakina maana. Kwangu maisha yote ni kufanya. Ndoo ya maji ya kunywa iko mahali anapofikia. Neti inachomekwa chini ya godoro pande zote nne, kwa sababu ukiwa na SS malaria haikuhurumii kama inavyowahurumia wenye S moja, inakumaliza damu. Sweta iko kwenye begi hata jua likiwaka. Joto likipanda hatungoji asubuhi. Na tangu aanzishwe dawa ya haidroksiurea, vipindi vya maumivu vimepungua sana, na hajaongezewa damu kwa muda mrefu. Naomba pia. Naomba sana usiku. Lakini siombi tena kufunuliwa nilichokosa.

Mama mkwe wangu ndiye amenishangaza. Nilimchorea ule mraba, kama mwanangu alivyoagiza. Aliutazama, akasema yeye hajui kusoma herufi za damu, na chira ipo, nisimdanganye. Lakini ndiye huyo huyo anayeamka kabla yangu akisikia mtoto anageuka kitandani anapokuja kutulia kwetu. Ndiye anayechemsha maji. Miaka yote aliyokuwa akinilaumu, hakuna usiku hata mmoja aliokataa kumshika mtoto, na sijawahi kujua la kufanya na mambo haya mawili ndani ya mtu mmoja.

Mwaka jana nilimwendea pasta wetu, si yule mgeni, nikamwomba sista wa kliniki apewe nafasi ya kuzungumza ibadani. Alisita. Alisema hataki kanisa lionekane linategemea hospitali. Nikamweleza habari za swali la mwanangu, lote, na mwalimu wa hesabu. Akampa nafasi baada ya matangazo.

Sista alileta ubao mdogo, akachora mraba. Akawaambia vijana wapime kabla ya kuchumbiana, akaeleza A na S kwa Kiswahili na kwa Kiluo. Mzee mmoja wa kanisa akanyanyuka kule nyuma, akauliza kama ni kweli mwanamume naye anaweza kuleta kitu hicho, maana yeye amekuwa akijua linatoka upande wa mama. Sista akamjibu kwamba mtoto hawezi kuwa na SS mpaka baba atoe S yake.

Watu wakaanza kunong'onezana. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi benchi la mbele, akiwa na kitambaa chake cheupe cha kanisa, kijana ameegemea bega lake. Akageuka akawatazama wanaume, akamgeukia sista, akasema kwa Kiluo na kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Waambie tena."